Kata Tufaha kwa Upana: Mwongozo wa Kupata Ruwaza na Mawazo ya Ubunifu Kwenye Chakula cha Kila Siku

Chukua tufaha. Karibu kila mtu hulikata kwa kupitisha kisu kutoka kwenye kikonyo kushuka chini, na anachopata ni umbo analolijua tangu utotoni: vipande viwili vilivyobonyea juu, mbegu katikati. Sasa chukua la pili, lilaze ubavu, kisu kipite pale ambapo mshipi ungekaa kama tufaha lingevaa mshipi. Lifungue. Katikati kuna nyota ya pembe tano, na kila pembe ni chumba kidogo cha mbegu. Sogeza macho zaidi. Nje ya nyota, kwenye nyama nyeupe, kuna vitone kumi vya kijani hafifu vilivyojipanga kwa mduara. Hivyo ni vichwa vya mirija iliyokuwa ikililisha tunda lilipokuwa mtini.

Nyota, mduara wa vitone, ukingo wa ganda. Tayari una nakshi ya tabaka tatu, na hujagusa penseli.

Kwa muda mrefu nilidhani kwamba kupata mchoro kwenye chakula ni kukichora chakula chenyewe. Niliwahi kuchora nyanya nzima nzima na vikonyo vyake, nikazipanga kwa safu na kumpelekea mtu aliyetaka kitambaa cha mapazia. Alizitazama kwa muda, akaniambia kwa upole, "Hizi ni nyanya. Mimi nilitaka nakshi." Iliniuma, lakini alisema kweli, na sentensi yake ndiyo iliyonifundisha kazi hii. Tunachokitafuta kwenye chakula si sura yake bali kanuni iliyokijenga. Nyanya nzima ni picha tu. Kuta nyembamba zinazogawana duara la nyanya, na mbegu zilizoelea kwenye utelezi kila moja ikielekea upande wake, hapo ndipo ruwaza ilipo.

Vifaa ni vichache: kisu kikali, ubao wa kukatia, daftari lisilo na mistari, penseli laini, mkasi, tepu, karatasi angavu ya kunakilia michoro, na simu yenye kamera. Rangi na sponji vitahitajika baadaye.

Jambo moja kabla ya kuanza. Chakula ni riziki, na wengi wetu tulilelewa tusikichezee. Hakuna haja ya kuharibu kitu. Kata, tazama, piga picha, kisha pika. Kwa kazi ya rangi, tumia vile ambavyo vingetupwa: kitako cha kitunguu, shina la kabichi, bamia zilizokomaa mno, ndimu iliyokwisha kukamuliwa. Kilichoguswa na rangi kisirudi jikoni, na ubao wa rangi uwe mbali na ubao wa chakula.

Hatua ya 1: Chagua vitu vitatu tu

Kosa la kawaida ni kujaza meza. Vitu ishirini vikiwa mbele yako, utavitazama vyote juu juu. Chukua vitatu vyenye tabia tofauti: kimoja cha tabaka (kitunguu, kabichi, liki), kimoja cha vyumba (bamia, tango, chungwa, pilipili hoho) na kimoja chenye ngozi ya kusomeka (nanasi, stroberi, hindi, tikiti lenye mabaka). Hivyo vinatosha kazi ya wiki nzima.

Hatua ya 2: Kata kwa njia tatu

Kila kitu kikatwe kwa urefu, kwa upana, na kwa mshazari. Usikisie kitakachotokea, maana hapa kukisia hukosesha watu mengi mazuri.

Kabichi ni mwalimu bora kuliko vyote, hasa ile ya zambarau, kwa kuwa kila jani lina ukingo mweusi na mwili mweupe, kama lililochorwa kwa wino. Ikate kwa urefu utaona mti: shina nene, matawi, na majani yaliyojikunja kila upande. Ikate kwa upana mti unatoweka, unabaki na mistari inayozunguka, inabonyea, inajikunja, inakaribiana hadi karibu kugusana. Fuata mmoja kwa ncha ya penseli bila kuugusa. Utapita mlima, utaingia bonde, utarudi nyuma, utapita tena jirani na ulikotoka, lakini hutakatiza mstari mwingine hata mara moja. Jani moja haliwezi kupita ndani ya jani jingine. Basi hiyo ndiyo kanuni ya kabichi: mistari inayosongana bila kukatizana. Iandike kwa maneno pembeni ya mchoro wako. Ukishaijua, unaweza kujaza ukuta mzima kwa mistari ya kabichi pasipo kabichi yoyote mezani.

Kitunguu kinaonekana rahisi zaidi, duara ndani ya duara, lakini usikiamini haraka. Kata vinne au vitano. Vingine vina kitovu kimoja, vingine vina viwili au hata vitatu, kila kitovu kikiwa na duara zake, na vyote vimefungwa ndani ya duara kubwa moja. Vile vya vitovu viwili ndivyo ninavyovipenda, kwa sababu jicho halijui likae wapi, hivyo linaendelea kutembea. Nakshi nzuri hufanya hivyo hivyo.

Bamia ikikatwa kwa upana hutoa ua au gurudumu, mara nyingi lenye vyumba vitano. Tango lina sehemu tatu. Ndizi pia: menya, kisha bonyeza ncha taratibu kwa kidole, na itapasuka yenyewe kwa urefu katika vipande vitatu. Chungwa huwa na vipande kama kumi, lakini havilingani, na kutolingana huko ndiko kunakolipa uhai. Mchoraji anayegawa duara la chungwa kwa bikari katika sehemu kumi sawasawa atapata gurudumu la baiskeli.

Mkate nao usisahaulike. Kipande cha mkate uliochachuka vizuri kina matundu makubwa yaliyozungukwa na madogo, na madogo yamezungukwa na madogo zaidi. Ni mpangilio ambao mkono wa mtu hauwezi kuubuni, kwa sababu mkono wetu, tukiuachia, hutoa matundu ya ukubwa mmoja.

Hatua ya 3: Hesabu

Hapa ndipo wengi wanaporuka, na hapa ndipo siri nyingi zilipo. Kabla ya kuchora, hesabu.

Shika nanasi na utazame magamba yake. Yamejipanga kwa mistari inayozunguka tunda kwa mshazari, mingine ikipanda taratibu kuelekea upande mmoja, mingine ikipanda kwa mwinuko mkali kuelekea upande wa pili. Weka alama kwa uzi au kalamu mahali unapoanzia, kisha hesabu mistari hadi urudi hapo. Kwa kawaida utapata 8 upande mmoja na 13 upande mwingine, na ukifuata ile inayokaribia kusimama wima utapata 21. Namba hizo zimo kwenye mfuatano ambao mwanahisabati Leonardo wa Pisa, anayejulikana kama Fibonacci, aliueleza mwaka 1202: kila namba ni jumla ya mbili zilizotangulia. Kwenye ua la alizeti utazikuta kubwa zaidi, kama 34 na 55. Chanzo chake ni namna mmea unavyoongeza kila kipande kipya, ukizunguka takriban nyuzi 137.5 kutoka kipande kilichotangulia, hivyo hakuna kipande kinachomkalia jirani yake kichwani.

Kwa mbunifu, maana yake ni hii. Ukichora magamba ya nanasi kama vigae vya sakafu vilivyonyooka, mtazamaji ataona kuna kitu hakijakaa sawa hata asipojua ni nini. Chora kwanza makundi mawili ya mistari ya mshazari, kila kundi na mwinuko wake, kisha weka gamba kila mistari inapokutana. Nanasi litajitokeza lenyewe.

Hindi nalo lina namba yake. Hesabu safu za punje kuzunguka bunzi: karibu kila mara ni shufwa, 12 au 14 au 16, kwa kuwa punje huanza maisha zikiwa jozi. Na komamanga hufundisha msongamano. Kila punje ilianza ikiwa mviringo, lakini zilivyokua zikibanana ndani ya ganda, zikapata nyuso bapa pale zinapogusana. Mwanaastronomia Johannes Kepler alizitazama punje hizo na kuandika juu yake mwaka 1611, alipokuwa akijiuliza kwa nini chembe ya theluji ina pembe sita. Sega la asali ni ndugu wa jambo hilo hilo: pembe sita hugawa eneo kwa vyumba vilivyo sawa kwa kutumia ukuta mfupi kuliko umbo lolote jingine. Watu walilihisi kwa karne nyingi, ila uthibitisho kamili ulitolewa na mwanahisabati Thomas Hales mwaka 1999.

Andika namba hizi kwenye daftari, kwa maana zitakusaidia utakapokuwa mbali na chakula chenyewe.

Hatua ya 4: Tafuta mwanga wa ubavuni

Kwa vitu vyenye ngozi au mikunjo, zima taa ya juu na usogeze meza karibu na dirisha. Mwanga unaotoka ubavuni hutia kivuli kila mfereji na kung'arisha kila tuta. Jani la kabichi lililokuwa bapa litageuka kuwa mto na vijito vyake. Weka karatasi nyeusi nyuma, na karatasi nyeupe upande wa kivuli ili irudishe mwanga kidogo.

Mpiga picha wa Marekani Edward Weston alifanya hivyo mwaka 1930 kwa pilipili hoho moja. Aliiweka ndani ya faneli ya bati, na mwanga uliorudishwa na bati ukazunguka mikunjo yake yote. Ukiitazama picha hiyo unaweza kuona mgongo, bega, watu wawili wanaokumbatiana. Ni pilipili tu, na hakuibadilisha chochote zaidi ya mahali mwanga unapoiangukia.

Piga picha nyingi ukiwa karibu sana, hadi ukingo wa kitu usionekane kwenye fremu. Ukingo ukitoweka, jina la kitu nalo hutoweka, na akili huanza kuona mistari na nafasi.

Hatua ya 5: Chora mara tano, kila mara ukipunguza

Mchoro wa kwanza uwe mwaminifu: chora unachokiona, na kasoro zake. Wa pili, weka karatasi angavu juu ya wa kwanza na uchukue mistari iliyo muhimu tu. Wa tatu, chukua nusu ya hiyo. Wa nne, acha mistari kabisa na upake nyeusi nafasi zilizo kati ya vitu: matundu, mianya, pengo kati ya mbegu na ukuta. Wa tano, funga daftari na uchore kwa kumbukumbu.

Usiruke wa nne. Kwenye bamia, kwa mfano, sote hutazama mbegu, lakini umbo lenye nguvu ni lile la chumba kinachoizunguka mbegu, lenye ncha mbili kama jicho lililofumba nusu. Nilichora bamia mara nyingi kabla ya kuliona. Tangu siku hiyo, kila nikikata bamia, macho yangu huenda kwenye pengo kwanza.

Mchoro wa tano ukitoka tofauti na kitu halisi, usiusahihishe. Kumbukumbu imekwisha kukuchagulia.

Hatua ya 6: Piga muhuri

Unaweza kuruka kalamu na kuacha chakula kijichore chenyewe. Kazi hii ni rahisi, lakini ina mambo yake.

Kata kwa pigo moja la kisu, usiende kama msumeno, maana mawimbi ya kisu yataonekana kwenye karatasi. Futa majimaji kwa kitambaa, uache dakika kumi, ufute tena; uso ukiwa umelowa, rangi itatambaa. Kitunguu ukikikata kwa upana, tumia nusu iliyobaki na mizizi, kwa sababu kitako cha mizizi ndicho kinachoshika tabaka zote pamoja. Nusu ya pili itaachia pete zake mara tu utakapoiinua. Choma uma mgongoni uwe mpini.

Paka rangi kwa sponji, nyembamba kabisa, kwa kugonga-gonga. Chini ya karatasi laza kitambaa kilichokunjwa mara mbili au magazeti kadhaa ili karatasi iweze kubonyea kidogo. Shusha muhuri wima, kandamiza, hesabu hadi tatu, inua wima. Usiuzungushe. Muhuri wa kwanza huwa mzito na wa tatu ndio mara nyingi unaotoka safi, hivyo usihukumu kwa ule wa kwanza. Kabichi nusu inahitaji kukandamizwa kwa viganja vyote viwili, kipande kwa kipande, kama unayekanda unga.

Ukipata alama moja nzuri, ipige picha au iskani kabla hujaendelea. Chakula hunywea, na saa mbili baadaye hutaipata tena.

Hatua ya 7: Igeuze kuwa ruwaza inayojirudia

Umbo moja halijawa ruwaza. Linakuwa ruwaza linapojirudia bila kuonyesha lilipounganishwa, na njia ya karatasi na mkasi inatosha kabisa.

Kata karatasi ya mraba, sentimita 20 kwa 20. Andika namba 1 hadi 4 kwenye pembe, nyuma yake. Chora maumbo yako katikati, bila kugusa ukingo wowote. Sasa kata karatasi katikati kutoka juu hadi chini, hata kama mkasi unapita juu ya mchoro. Badilisha nafasi: kipande cha kushoto kihamie kulia, cha kulia kihamie kushoto. Unganisha kwa tepu upande wa nyuma. Kisha kata tena katikati, safari hii kutoka kushoto kwenda kulia, na ubadilishe cha juu na cha chini. Unganisha.

Tazama kilichotokea. Mchoro wako umekimbilia pembeni, na katikati kumekuwa uwanja mtupu. Jaza uwanja huo kwa maumbo mengine, tena bila kugusa ukingo. Toa nakala kadhaa na uzipange ubavu kwa ubavu. Kila mstari uliokatwa na ukingo utampata mwenzake upande wa pili, na hakuna atakayejua kigae kinaanzia wapi.

Ukiona safu zimejipanga mno kama askari, shusha kila safu wima ya pili kwa nusu ya urefu wa kigae. Ni mabadiliko madogo, lakini jicho huanza kwenda mshazari, na kitambaa kizima kinalegea kwa namna nzuri. Pia unaweza kugeuza kigae kama kwenye kioo. Mbunifu wa nakshi William Morris wa Uingereza alifanya hivyo mwaka 1883 kwenye nakshi yake ya ndege wanaoiba stroberi, jambo aliloliona bustanini kwake: ndege wawili wanatazamana, na stroberi zimening'inia kati ya majani, si bakulini. Kuhamisha, kuzungusha, kugeuza kioo, na kugeuza huku ukisogeza: hizo ndizo hatua zote zilizopo. Mtaalamu wa fuwele wa Urusi, Yevgraf Fyodorov, alithibitisha mwaka 1891 kwamba zikichanganywa kwenye uso bapa hutoa mipangilio 17 tu. Nyota ya tufaha ukiipitisha kwenye mitano au sita kati ya hiyo, utapata vitambaa ambavyo mtu hatadhani vimetoka kwenye tunda moja.

Hatua ya 8: Chukua rangi, na kipimo chake

Watu huchukua rangi za chakula na kuacha kipimo. Tikiti maji lina nyekundu, nyeupe, kijani na nyeusi, lakini ukizipa nafasi sawa unapata bendera. Ndani ya tikiti, nyekundu inatawala, kijani ni ukanda, nyeupe ni uzi kati yao, na nyeusi ni vitone. Chora mstari mmoja mrefu na uugawe kwa kipimo hicho hicho. Mstari huo ndio uende nao kwenye kazi.

Maji ya kabichi ya zambarau yanafaa kuchezewa jioni moja. Tia matone ya ndimu, yatakuwa ya waridi. Tia magadi kidogo kwenye kikombe kingine, yatakuwa buluu kuelekea kijani. Rangi zote hizo zimetoka kwenye jani moja, hivyo zinaelewana zikikaa pamoja. Zinakili kwa rangi za kawaida, usipakie kazi yako maji yenyewe. Rangi za kabichi, bitiruti na manjano ya kupikia hupauka zikipigwa na jua, na kazi ya mwezi mzima itakufia ukutani.

Mwisho, bandika vigae visivyopungua tisa ukutani, vitatu kwa vitatu, na urudi nyuma hatua sita. Finya macho. Usitazame maumbo, tazama kama kuna mfereji mweupe unaopita kati yao kutoka juu hadi chini, au doa zito linaloita kila baada ya kigae. Mfereji uzibe kwa kitu kidogo, mbegu moja au mbili. Doa lipunguze kwa kufungua nafasi ndani yake. Rudi tena hatua sita, ufinye macho tena, hadi jicho litembee bila kukwama popote.